Dawa au Sumu? Uhakiki wa Kiswahili cha Vibandiko vya Kemikali katika Mazingira ya Kakamega

Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kushughulikia ushairi, riwaya na tamthilia, na pengine lugha ya magazeti na ya hotuba. Ni nadra kukitazama kibandiko cha chupa ya kemikali kuwa ni matini yenye mtunzi, msomaji, msamiati na mtindo wake. Hata hivyo, kwa wakulima wengi wa Kabras, Lurambi au Butere, kibandiko ni miongoni mwa maandishi machache ya Kiswahili wanayoendelea kukutana nayo baada ya kutoka shuleni. Tena ni maandishi ambayo makosa yake hayangojei toleo la pili ili yasahihishwe. Msomaji wa shairi akilielewa visivyo, hasara ni ya shairi. Msomaji wa kibandiko akikielewa visivyo, hasara ni ya mwili wake.

Makala hii inakusudia kuhakiki Kiswahili cha vibandiko vya kemikali za hatari, hasa zile za kuulia wadudu, kupe na magugu, kwa kuyatazama mazingira ya Kakamega, magharibi mwa Kenya. Hoja yake kuu ni kwamba sheria imekwisha kukipa Kiswahili nafasi juu ya chupa, lakini nafasi hiyo imejazwa kwa tafsiri inayokifuata Kiingereza hatua kwa hatua, na kwa sababu hiyo onyo humfikia msomaji likiwa limepungukiwa nguvu. Zaidi ya hayo, jina ambalo mnunuzi huitajia bidhaa yenyewe, yaani "dawa", hulipinga onyo hilo kabla halijasomwa.

Kakamega imechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, ni nchi ya miwa, mahindi na ng'ombe. Tangu kiwanda cha sukari cha Mumias kilipoanza kazi mwaka 1973, kilimo cha miwa kimeenea sana, na kemikali za magugu zimeenea pamoja nacho. Pili, ni nchi ya dhahabu. Mbio za kutafuta dhahabu zilizoanza mwaka 1931 zilikoma zamani, na mgodi mkubwa wa Rosterman ukafungwa mwaka 1952, lakini wachimbaji wadogo wangali wakichimba, hasa Ikolomani, na wengi wao hutumia zebaki. Tatu, ni nchi ya lugha nyingi zilizo ndugu: Kiisukha, Kiidakho, Kikabras, Kiwanga, Kimarama, Kikisa na Kitsotso. Kiswahili hapo ni lugha ya pili kwa wengi kati ya watu 1,867,579 waliohesabiwa katika sensa ya mwaka 2019. Kibandiko kisichosomeka Kakamega hakiwezi kusemwa kuwa kinasomeka Kenya.

Sheria na nafasi ya Kiswahili

Sheria ya Kenya kuhusu bidhaa za kudhibiti wadudu na magugu, Sura ya 346, ilitungwa mwaka 1982, na kanuni zake kuhusu vibandiko, matangazo na ufungaji zikatolewa mwaka 1984. Mwaka uliofuata, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilipitisha mwongozo wa kimataifa wa uuzaji na utumiaji wa kemikali hizo. Katika mwaka huo huo wa 1985 mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza nchini Kenya, na Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani. Hatimaye Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Na katika kifungu cha 46 ikampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike na bidhaa, pamoja na haki ya kulindwa afya na usalama wake.

Kwa hiyo vibandiko vya kemikali za kilimo nchini Kenya huandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili. Hili ni jambo la kupongezwa, na si dogo. Lakini kuwapo kwa lugha mahali fulani si sawa na kufanya kazi kwa lugha mahali hapo. Mkaguzi wa sheria huuliza: je, Kiswahili kipo? Mhakiki hana budi kuuliza swali la pili: je, Kiswahili hicho kinasema nini, na kinamwambia nani?

Neno "dawa"

Katika maduka ya pembejeo ya Kakamega, kama katika maduka mengine yote ya Afrika ya Mashariki, mnunuzi haombi kemikali wala kiuatilifu. Huomba dawa. Kuna dawa ya kikohozi, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya mahindi, dawa ya ng'ombe na dawa ya kupe. Neno hili la asili ya Kiarabu limepanuka katika Kiswahili hata likawa na maana ya kitu chochote chenye nguvu ya kuleta badiliko linalotakiwa. Katika upanuzi huo hakuna kosa. Ndivyo lugha zinavyokua.

Tatizo limo katika kiunganishi "ya". Katika "dawa ya kikohozi", kinachofuata kiunganishi ni kitu kinachoondolewa. Katika "dawa ya kupe" ni kiumbe kinachouawa. Katika "dawa ya ng'ombe" ni kiumbe kinachosaidiwa, na katika "dawa ya mahindi" ni kitu kinachohifadhiwa. Sarufi haitofautishi kati ya mfaidika na mhanga. Chupa moja ya kemikali ya kutia katika josho huitwa dawa ya kupe na mtu mmoja, na dawa ya ng'ombe na jirani yake. Wote wawili wamesema sawa. Ila jina la kwanza lina mauaji ndani yake, na la pili lina matibabu. Mtoto anayesikia nyumbani kwamba ile iliyo juu ya rafu ni dawa ya ng'ombe, na ambaye mwenyewe hupewa dawa anapougua, hakuambiwa uwongo wowote. Lakini hakuambiwa jambo la maana kuliko yote.

Ni ajabu kwamba neno linalohitajika lipo, tena linatumika. Wasemaji wale wale wanaosema dawa ya kupe husema pia sumu ya panya. Sheria ya Kenya nayo, katika Sura ya 244, huziweka famasia na sumu pamoja katika jina moja, kana kwamba inakiri kuwa mpaka baina ya vitu hivyo unahitaji mlinzi. Lugha ya wananchi imeshauvuka mpaka huo kwa panya, ikasita kwa kupe, viwavi na magugu. Sababu yake yamkini ni kwamba sumu ya panya hununuliwa kwa nia ya kuua tu, ilhali nyingine hununuliwa kwa nia ya kuokoa: kuokoa ng'ombe, kuokoa mahindi. Jina limefuata nia ya mnunuzi badala ya kufuata tabia ya kitu.

Wataalamu wa istilahi nao wamejaribu njia nyingine. Tangu taasisi za lugha zilipoanza kuunda istilahi za sayansi, juhudi ambayo ilizaa, miongoni mwa mengine, Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990, maneno kama kiuatilifu, kiuadudu na kiuagugu yamepata nafasi katika maandishi, hasa Tanzania. Maneno haya yana sifa moja kubwa: kitenzi cha kuua kimo ndani yake waziwazi. Lakini yana upungufu pia. Kiuagugu chasema kwamba kinaua gugu. Hakisemi lolote juu ya mtu anayekibeba mgongoni katika pampu ya lita 20 inayovuja. Mauaji yamefungiwa ndani ya nomino pamoja na gugu, na mtu ameachwa nje, salama kwa sarufi tu.

Hatari, onyo na tahadhari

Desturi ya vibandiko vya Kiingereza ni kupanga maneno ya kuamsha kwa daraja: "danger" kwa hatari kubwa, "warning" kwa ya kati, na "caution" kwa ndogo. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha na kutia alama kemikali, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 2003, uliyabakiza mawili ya kwanza. Tafsiri ya Kiswahili iliyozoeleka ni "hatari", "onyo" na "tahadhari". Kamusi haitaona kosa. Lakini je, msikilizaji wa Kiswahili husikia ngazi tatu?

Hatari ni hali iliyomo katika kitu au mahali. Onyo ni tendo la msemaji. Lina asili ya kitenzi "ona", kwa maana ya kumfanya mtu aone. Tahadhari ni tendo la msikilizaji, ambaye anatakiwa kujilinda. Maneno haya matatu basi si ngazi tatu za kipimo kimoja. Ni pande tatu za tukio moja: kitu, msemaji na msikilizaji. Methali inayojulikana na kila mwanafunzi, "Tahadhari kabla ya hatari", inathibitisha jambo hilo. Haisemi kwamba tahadhari ni hatari ndogo. Yasema kwamba tahadhari hutangulia na hatari hufuata. Mkulima anayeona chupa moja imeandikwa ONYO na nyingine HATARI hana njia yoyote ndani ya Kiswahili ya kujua ipi yaua upesi zaidi. Anaweza hata kudhani kwamba onyo ndilo kubwa, kwa kuwa ndani ya onyo mna mtu anayesema, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Aidha, neno "hatari" lenyewe limechakaa. Limeandikwa pamoja na fuvu la kichwa kwenye nguzo na mashine za umeme mijini na vijijini, na limeandikwa juu ya malango ya nyumba zenye mbwa na zisizo na mbwa. Katika mazungumzo ya vijana limekuwa sifa: mchezaji hodari husemwa kuwa ni hatari. Neno ambalo lina kazi tatu, mojawapo ikiwa kusifu, haliwezi kuachwa peke yake juu ya chupa. Lahitaji kufuatwa mara moja na kitenzi kinachosema ni hatari gani: yaua, yaunguza, yapofusha.

Sarufi ya onyo

Sentensi za vibandiko vya Kiingereza hutofautisha madhara kwa viwango: kinachoua kikimezwa, kilicho sumu kikimezwa, kinachodhuru kikimezwa. Kwa Kiswahili hupatikana "huua ikimezwa", "ni sumu ikimezwa" na "hudhuru ikimezwa". Mambo matatu yastahili kuangaliwa hapa.

La kwanza ni kiambishi "hu-". Katika Kiswahili sanifu ndicho kiambishi cha methali na cha kanuni zisizobadilika, na kwa hiyo "huua" ni tamko zito. Lakini katika Kiswahili cha mazungumzo cha magharibi mwa Kenya, mazoea huelezwa kwa kawaida kwa "-nga" mwishoni mwa kitenzi, kama katika "anakujanga" au "analimanga", kwa athari ya lugha za Kiluyia. Msemaji huyo hukijua kiambishi "hu-" kwa njia ya kitabu zaidi kuliko kwa njia ya sikio. Tena kiambishi hicho hufanana kwa sura na cha ukanushi wa nafsi ya pili: "huumiza macho" na "huumizi macho" hutofautiana kwa irabu moja tu ya mwisho. Kwenye chupa ya mililita 100, ambapo herufi ni ndogo na wino huchujuka kwa maji, irabu moja ni uzi mwembamba mno wa kutundikia macho ya mtu.

La pili ni sharti. "Ni sumu ikimezwa" yaweza kueleweka kuwa, isipomezwa, si sumu. Maana hiyo haikukusudiwa, lakini "-ki-" ya Kiswahili huileta kwa urahisi, hasa panapokosekana neno la kuongezea. Kemikali nyingi za kuulia wadudu hupenya kwenye ngozi. Neno fupi "hata" lingelifunga tundu hilo: "ni sumu, hata ikigusa ngozi".

La tatu ni mtendwa asiyejulikana. "Ikimezwa" haina mtu. Imemezwa na nani? Kiswahili kina uwezo wa kumtaja mtu kwa silabi moja: "akiimeza mtu", "aliyeimeza". Tafsiri imeuacha uwezo huo kwa kuwa Kiingereza cha kisheria hupenda kuficha mtendaji. Hali kadhalika "weka mbali na watoto". Mbali ni umbali wa upeo. Chupa iliyo upande wa pili wa chumba iko mbali. Kinachotakiwa ni kimo na kufuli, yaani mtoto asifike ilipo. Na "vaa mavazi ya kinga" ni nomino ya jumla inayomwachia msomaji kazi ya kukisia kama koti lake la mvua linatosha. Glavu, gambuti na kitambaa cha kufunika pua na mdomo vingetajwa kwa majina, gharama isingezidi maneno machache.

Msamiati wa matendo nao umejitenga na mazungumzo. Mkulima wa Kakamega hupiga dawa. Kibandiko humwambia anyunyizie, kitenzi anachokitumia pia kwa kumwagilia mboga maji. Kibandiko humpa kipimo kwa mililita na kwa hekta. Yeye hupima kwa kifuniko cha chupa na hulima kwa ekari. Si haki kumwita msomaji huyo mjinga. Yeye na mtunzi wa kibandiko hawajakutana katika lugha moja, ingawa wote wawili wanaandika na kusoma Kiswahili.

Rangi, picha na funzo la Iraki

Huenda ikajibiwa kwamba maneno si lazima yabebe mzigo wote, kwa kuwa kuna rangi na picha. Kwa mujibu wa uainishaji ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1975, na miongozo iliyofuata, mkanda mwekundu chini ya kibandiko ni wa sumu kali zaidi, wa manjano ni wa daraja ya pili, wa buluu ni wa daraja ya tatu, na wa kijani ni wa zile zenye hatari ndogo. Mpango huu ni mzuri kwa anayeujua. Lakini hata rangi zina lugha. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyopokea upatanisho: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine zimeazimwa kwa vitu. Manjano ni kiungo cha kupikia, kijani ni jani, samawati ni mbingu. Nyekundu peke yake ndiyo iliyo na damu ndani yake. Hakuna chochote katika manjano kinachomwambia msemaji wa Kiswahili kwamba kemikali ile yaweza kumlaza hospitalini, na hakuna sababu ya kudhani kwamba buluu ni kali kuliko kijani.

Historia imetoa funzo juu ya alama zisizo na maneno ya wenyeji. Mwaka 1971, baada ya ukame, serikali ya Iraki iliagiza mbegu za ngano na shayiri zilizotiwa kemikali ya zebaki ili zisiharibiwe na kuvu. Magunia yalikuwa na maonyo kwa Kihispania na Kiingereza, lugha ambazo wakulima wa Iraki hawakuzisoma. Picha ya fuvu na mifupa haikuwa na maana kwao. Mbegu zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu, lakini rangi ilitoka kwa maji, nao wakadhani kwamba sumu imetoka pamoja nayo. Wakasaga unga, wakaoka mikate. Watu 6,530 walilazwa hospitalini na 459 kati yao walifariki humo. Onyo lilikuwapo juu ya gunia. Lugha ndiyo haikuwapo.

Mbegu za mahindi zinazouzwa magharibi mwa Kenya nazo hutiwa kemikali na kupakwa rangi. Mwezi wa Machi, ghala likiwa tupu na paketi ya mbegu iliyobaki ikiwa ndani, swali la rangi ile lina maana gani si swali la darasani.

Zebaki, mvuke na chupa isiyo na kibandiko

Mfano wa zebaki unaonyesha ugumu wa namna nyingine. Neno "zebaki" ni la zamani katika Kiswahili na lina heshima yake ya kikamusi. Katika machimbo, zebaki huchanganywa na mchanga wenye dhahabu, nayo dhahabu hushikamana nayo. Kisha donge huchomwa motoni ili zebaki iondoke. Hatari yake kuu basi haimo katika kuigusa wala kuimeza bali katika kuivuta kwa pumzi inapochomwa. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, umekusudiwa kupunguza matumizi hayo, na ukaitwa kwa jina la mji wa Japani ambako maradhi ya zebaki yaligunduliwa mwaka 1956.

Kibandiko kinachosema "usivute mvuke wake" kimetumia neno sahihi la fizikia. Ila mvuke katika jikoni ya Kiswahili ni ule unaotoka katika chungu cha maji au sufuria ya wali. Ni kitu kinachoonekana, kinachopoa, kisichodhuru. Moshi ndio unaokimbiwa. Mvuke wa zebaki hauonekani wala hauwashi macho. Tafsiri iliyo kamili ingelazimika kuliambia hilo wazi: "ikichomwa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana". Hapo neno moja la Kiingereza limedai maneno sita ya Kiswahili, na yafaa yalipwe.

Lakini ugumu mkubwa zaidi ni kwamba zebaki humfikia mchimbaji mdogo katika vyombo vidogo vidogo, mara nyingi bila kibandiko cha asili. Na si zebaki tu. Wakenya wana usemi wa "kupima": mafuta ya kupima, maziwa ya kupima. Asiyeweza kununua lita hununua kiasi cha fedha alizo nazo. Kemikali za kilimo hazikuepuka desturi hiyo, ijapokuwa kanuni haziiruhusu. Kiasi kidogo humiminwa katika chupa ya soda, na kibandiko hubaki dukani. Kutoka hapo matini ya onyo huendelea kwa njia moja tu: kinywa cha muuzaji.

Chupa ile isiyo na maandishi humnyima habari msomaji wa pili pia, naye ni mganga wa zamu. Mgonjwa aliyeathiriwa na kemikali za jamii ya fosfeti hutibiwa kwa atropini; aliyekunywa parakwati hana dawa ya kumwondolea sumu hiyo. Jina la kemikali kwenye kibandiko laweza kuamua saa ya kwanza ya matibabu. Mgonjwa akiletwa pamoja na chupa ya soda, mganga hukisia.

Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu, mambo manne yanapendekezwa.

Kwanza, kemikali za mkanda mwekundu na wa manjano ziitwe sumu katika neno la kwanza la Kiswahili juu ya kibandiko: sumu ya kupe, sumu ya viwavi, sumu ya magugu. Jina "dawa" liachiwe zile za hatari ndogo, pamoja na zile zinazotibu. Kwa njia hiyo nomino yenyewe itabeba daraja ambayo hatari, onyo na tahadhari zimeshindwa kuibeba. Wauzaji huenda wakapinga kwamba hakuna atakayenunua sumu. Sumu ya panya hununuliwa kila siku, na jina lake halijaidhuru biashara. Hoja nyingine ina uzito zaidi: kwamba neno "sumu" likitumiwa kila mahali litachakaa kama lilivyochakaa "hatari". Ndiyo maana yapasa liwekewe mpaka, na mpaka huo uwe ule uliokwisha kuwekwa na uainishaji wa kitaalamu.

Pili, maonyo yatungwe kwa Kiswahili, yasitafsiriwe. Mtunzi aanze na mtu, tendo na mahali. Mfano wa kibandiko cha kemikali ya josho ungeweza kuwa hivi:

SUMU YA KUPE. Si dawa ya mtu. Usiinywe. Usiiguse kwa mkono mtupu. Usiitie katika chupa nyingine. Mtoto asifike ilipo. Ukimaliza kazi, oga kwa sabuni kabla ya kula. Aliyeimeza asipewe maziwa. Apelekwe hospitali pamoja na chupa hii.

Sentensi hizi si fasihi, wala hazikukusudiwa kuwa fasihi. Lakini kila moja ina kitenzi kinachosikika, na ile ya maziwa inajibu imani iliyoenea kwamba maziwa huivunja sumu, imani ambayo kibandiko kilichotafsiriwa hakina habari nayo kwa kuwa haimo katika nchi kilikotungwa. Maagizo ya matibabu bila shaka yatabadilika kwa kila kemikali, na ni juu ya madaktari kuyathibitisha.

Tatu, onyo litungwe kwa sikio kabla ya jicho. Maadamu bidhaa hupimwa na kugawanywa, sehemu ya kibandiko inayoweza kusafiri ni ile inayoshikwa na kumbukumbu. Muuzaji aliyesoma mistari minane mifupi aweza kuikariri mbele ya mnunuzi, na mnunuzi aweza kuirudia nyumbani kwa lugha ya nyumbani. Kukariri huku hakuhalalishi chupa ya soda. Kunakubali tu kwamba chupa ya soda ipo.

Nne, idara za lugha katika vyuo vikuu, kikiwamo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro kilichopo Kakamega penyewe, zione kazi hii kuwa yao. Wanafunzi wa isimu na tafsiri waweza kukusanya vibandiko kutoka maduka ya Mumias, Malava na Khayega, wavisome kwa sauti mbele ya wakulima na wachimbaji, na waandike kile ambacho wasikilizaji wamekielewa, si kile kilichoandikwa. Tofauti baina ya mambo hayo mawili ndiyo kipimo cha tafsiri. Matokeo yapelekwe kwa bodi inayosajili kemikali hizo, ili mtaalamu wa lugha akae meza moja na mkemia kabla kibandiko hakijachapwa.